Pima koili kwanza, ndipo uing'oe platini

Mhariri,

Ukurasa wa magari ukigusia magari ya zamani, ushauri juu ya mfumo wa kuwasha huwa mmoja na mfupi: ng'oa platini, ile swichi ya midomo ya chuma inayokata umeme ili cheche ipatikane, weka moduli ya elektroniki ikate badala yake, sahau. Kung'oa, sawa. Kuweka, sawa pia. Ni huko kusahau ndiko kunakorudisha magari gereji, mwenye gari akiwa ameshika moduli iliyoungua na kumlaani aliyemuuzia. Sisi tunaoshinda na umeme wa magari haya tunajua kwamba moduli nyingi za namna hiyo hazikuja mbovu. Ziliuawa na koili (kifaa kinachopandisha volti za betri ziweze kutoa cheche) ambayo hakuna aliyeipima. Tunaomba nafasi tuandike yale ambayo ushauri mfupi huyaruka.

Kwanza tuitendee haki platini. Mpango wenyewe, uliotokana na kazi ya Charles Kettering kwa ajili ya Cadillac karibu mwaka 1910, ulidumu zaidi ya miaka 60, na kitu kibovu hakidumu hivyo. Platini ni swichi tu. Ikiwa imefunga, umeme wa betri hupita kwenye nyuzi nene za koili na kujenga sumaku. Kemu, yaani kivimbe kwenye shafti ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda), ikiisukuma ifunguke, sumaku ile huporomoka ghafla, na nyuzi nyembamba, zenye mizunguko kama mara 100 ya zile nene, hutoa volti 20,000 na zaidi kwenda kwenye plagi. Kondensa iliyo pembeni, ya kiasi cha maikrofaradi 0.2, humeza umeme unaotaka kuruka kati ya midomo miwili inapoachana. Kondensa ikifa, cheche hubaki pale kwenye platini badala ya kwenda kwenye plagi: midomo inaungua na kugeuka rangi ya samawati, na ukiitazama cheche ya plagi unaiona nyembamba, ya manjano.

Kinachoichosha platini ni wingi wa kazi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 100 kila sekunde, kila mara ikikata ampea kama 4. Kisigino chake kinachosuguana na kemu kinalika, nafasi inapungua, na taimingi, yaani wakati wa cheche kutokea, inachelewa kidogo kidogo bila dereva kuhisi. Dweli, yaani pembe ambayo platini hukaa imefunga, ikibadilika digrii moja, taimingi nayo inahama digrii moja ya krenki. Isitoshe, midomo huhamishiana madini, upande mmoja unakuwa shimo, upande wa pili kichuguu. Hapo fila bapa, kile kibamba cha kupimia nafasi, itakudanganya: itagusa kilele cha kichuguu na kukuonyesha milimita 0.40 wakati nafasi halisi imeshapita hapo. Anayepanga platini iliyotumika kwa fila badala ya mita ya dweli anabahatisha.

Moduli inaondoa msuguano wote huo. Pete ya sumaku huvishwa kwenye kemu, sensa inayofuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 inaona sumaku zikipita, na transista ndiyo inayokata umeme wa koili. Aina nyingine hutumia mwanga unaokatizwa na kisahani chenye matundu, au koili ndogo na meno ya chuma. Faida yake ni uthabiti: ulichokipanga leo kitakuwa vile vile baada ya maelfu ya kilomita, na gari linawaka kirahisi kunapokuwa na unyevu au betri imechoka kidogo. Nguvu ni habari nyingine. Platini mpya iliyopangwa sawasawa inatoa cheche inayotosha kabisa injini ya kawaida, na anayekuahidi nguvu za farasi 10 zaidi kwa moduli pekee anakuuzia maneno.

Moduli haitengenezi distributa iliyochoka. Shika ncha ya shafti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, bushi zimekwisha. Kwa platini, dweli itaruka zaidi ya digrii 3 unapoongeza mwendo. Sumaku huvumilia zaidi, lakini bado taimingi ya silinda moja itatofautiana na ya jirani yake. Kisha izungushe rota, kipande cha juu ya shafti kinachogawa cheche, kwa vidole kufuata upande wake wa kuzunguka, uiachie. Irudi yenyewe kwa springi. Ikirudi kwa uvivu, vyuma vya advansi (vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka), vilivyo chini ya bamba linalobeba platini, vimegandana kwa grisi kavu, na hakuna moduli ya bei yoyote itakayovigandua. Visafishe, halafu dondosha matone mawili matatu ya oili nyepesi kwenye kitundu kilicho juu ya shafti, chini ya rota. Bomba la vakyumu, linalosogeza bamba kwa mvuto wa hewa ya injini, nalo livute kwa mdomo: bamba lisogee, na ukiziba kwa ulimi libaki pale pale. Lisipobaki, kiwambo kimetoboka.

Ndani humo kuna kawaya kafupi ka kusuka kanakounganisha bamba linalosogea na mwili wa distributa. Kwa macho ni kazima. Ndani ya ganda nyuzi zimeshakatika, kwa sababu bamba hukapinda kila advansi ya vakyumu inapofanya kazi. Platini ilipata athi yake (njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi) hapo, na moduli nyingi hutegemea athi hiyo hiyo. Pima kutoka bambani hadi nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi: usome chini ya omu 0.2, na usomaji usiruke unaposogeza bamba kwa kidole. Gari linalowaka vizuri likiwa limesimama kisha likaanza kumisi ukikanyaga mafuta, tafuta hapo kabla ya kulaumu kabureta.

Sasa koili, mahali ambapo hela nyingi huungua. Toa nyaya zake ndogo zote, weka mita kwenye omu 200, gusanisha ncha mbili za mita uone zenyewe zinasoma ngapi (mara nyingi 0.3 au 0.4), kisha pima kati ya + na − na utoe kiasi hicho. Usipotoa, koili ya omu 1.5 itasomeka 1.9 na utaanza kubishana na karatasi ya mtengenezaji. Koili ya volti 12 isiyohitaji balasti (rezista ya kupunguza umeme wa koili) husoma karibu omu 3. Ya mfumo wa balasti husoma karibu 1.5. Koili zinazouzwa kwa jina la kuongeza nguvu zinaweza kushuka hadi 0.6 au chini yake. Gawa mwenyewe. Chaji ikiwa volti 14, omu 3 zinapitisha ampea 4.7, omu 1.5 zinapitisha 9.3, na 0.6 zinaweza kupitisha zaidi ya 23. Moduli rahisi ya nyaya mbili haina akili ya kupunguza. Inabeba chochote ambacho koili inakiruhusu, mpaka inashindwa. Pertronix Ignitor ya aina ya kwanza, kwa mfano, inataka angalau omu 3 kwenye injini za silinda 4 na 6, na angalau 1.5 kwenye silinda 8. Zipo moduli zinazodhibiti zenyewe muda wa kuchaji koili, na hizo zinaweza kuendesha koili za omu 0.6. Karatasi yake itasema. Isiposema kima cha chini cha omu, rudisha boksi dukani.

Balasti ndiyo mtego wenyewe, kwa kuwa mara nyingi haionekani. Kwenye baadhi ya magari ni kipande cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili. Kwenye mengine, hasa ya miaka ya 1970, ni waya wenye ukinzani uliopita ndani ya fungu la nyaya, na kwa nje hautofautiani sana na wenzake. Kazi yake ni kushusha volti za koili hadi 6 au 9 injini inapofanya kazi. Stata inapozunguka, waya mwingine unaipa koili umeme wote wa betri ili cheche isidhoofike wakati stata inakula umeme.

Watu hufungua ufunguo, wanapima + ya koili, wanaona 12, wanasema hakuna balasti. Kama platini ilikuwa imefunguka wakati huo, kipimo hicho hakina maana: hakuna umeme unaopita, na umeme usipopita rezista haishushi kitu. Unganisha − ya koili na athi kwa waya mfupi, sekunde chache tu, ndipo usome + kwa haraka. Ikibaki karibu na 12, balasti haipo. Ikishuka hadi 6, 7 au 9, ipo, hata kama hujaiona.

Ukishajua, njia safi ni mbili. Unaweza kuiacha koili ya omu 1.5 na balasti yake, mradi moduli yako inaikubali, ukachukua umeme wa waya mwekundu wa moduli kabla ya balasti, mahali penye volti 12 kamili. Moduli ikilishwa volti 7 za baada ya balasti, sensa yake inapepesuka na gari linakata moto ovyo, hasa taa na feni vikiwashwa pamoja. Au unaweza kuweka koili ya omu 3 na kuiruka balasti moja kwa moja kwa waya mpya. Swichi ya ufunguo ikiwa ya zamani na midomo yake imechoka, tumia rilei na fyuzi, swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Kinachoharibu ni kuchanganya. Koili ya omu 3 nyuma ya balasti inatoa cheche dhaifu, na gari linakuwa gumu kuwaka likiwa la moto. Koili ya 1.5 bila balasti inapika moduli inayotaka omu 3.

Waya utakaoulisha moduli upime pia huku mwenzako akipiga stata. Zipo swichi zinazokata laini hiyo ufunguo ukiwa kwenye stata. Dalili yake ni ya ajabu kidogo kwa asiyeijua: injini inazunguka na kuzunguka bila hata kukohoa, halafu inashika kwa sekunde ile ile unapouachia ufunguo.

Kabla ya kuunganisha waya wowote, tazama betri: nguzo ipi imefungwa kwenye bodi? Magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yalikuwa na athi chanya, na moduli ya athi hasi ikiunganishwa humo inakufa papo hapo, kimya kimya. Moduli za athi chanya zipo, ziagize kwa jina hilo. Koili za zamani za Lucas zina herufi SW na CB: SW ni upande wa swichi, CB upande wa distributa. Za Bosch zina namba, 15 kwa swichi, 1 kwa distributa, 4 kwa waya mnene wa katikati. Koili ikigeuzwa, gari bado litawaka, na ndiyo sababu kosa hili hudumu miaka. Ila plagi itahitaji volti nyingi zaidi kuruka, na utaliona injini ikibeba mzigo.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo kuliko yote yaliyotangulia. Toa waya wa betri. Zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya puli ilingane na silinda namba 1 ikiwa kwenye kompresheni, rota ikiangalia mguu wa waya wake kwenye kofia ya distributa, na uweke alama kwenye nyaya za plagi kabla hujachomoa hata mmoja. Toa platini na kondensa. Futa bamba hadi ling'ae pale moduli inapokaa, na kama boksi limekuja na krimu nyeupe ya kupitisha joto, paka kidogo chini ya moduli. Pete ya sumaku isukume mpaka chini kabisa, kisha rudisha rota na uhakikishe nayo imekaa hadi mwisho. Pete ikibaki juu hata milimita 2, rota inanyanyuka na kukwaruza kofia, na kofia hupasuka siku hiyo hiyo. Zungusha injini mizunguko miwili kwa mkono ukisikiliza. Nyaya za moduli zipite kwenye raba yake na ziwe na ulegevu wa kutosha bamba linaposogea, zisiguse shafti. Mweusi uende −, mwekundu +, kama rangi za karatasi yako ndizo hizo. Usiache kondensa yoyote kwenye −. Ile ya kuzuia kelele za redio inaweza kubaki upande wa +.

Taimingi lazima ipangwe upya hata kama distributa haikusogezwa unywele, kwa sababu sensa haikati mahali pale pale platini ilipokuwa inakatia. Ile njia ya balbu, ya kusogeza distributa mpaka balbu iwake, iache kwa platini. Hapa tumia taa ya taimingi. Chomoa bomba la vakyumu na uzibe mwisho wake, injini ikiwa ya moto na mwendo mdogo kiasi kwamba vyuma vya advansi havijafunguka, panga digrii zilizo kwenye kitabu cha gari. Halafu panda hadi mizunguko 3,000 na utazame jumla. Injini nyingi za aina hii huishia kati ya digrii 28 na 36 bila vakyumu, lakini kitabu ndicho hakimu. Alama ikitulia kwenye mwendo mdogo na kupitiliza huko juu, springi za advansi zimelegea au si zake. Punguza, kwa kuwa injini inayogonga chini ya mzigo hutoboa pistoni. Alama ikicheza huku na huku, rudi kwenye bushi.

Cheche ikishakuwa na nguvu, inatafuta njia ya mkato. Plagi zilizopangwa milimita 0.6 kwa platini zinaweza kufunguliwa hadi 0.8 au 0.9, na hapo tunasimama. Ukizidisha, umeme utaona ni rahisi kuvuja ndani ya kofia kuliko kuruka kwenye plagi. Kofia yenye ufa mwembamba mweusi kama mstari wa penseli itupwe. Rota zenye riveti ya shaba juu zina ugonjwa wao: riveti ikiwa ndefu, plastiki iliyobaki chini yake ni nyembamba, umeme unaitoboa na kwenda kwenye shafti. Injini inamisi ikipata moto, ikipoa inapona, na watu hubadilisha kabureta, pampu na koili kabla ya kufikiria kipande hicho kidogo. Chagua rota isiyo na riveti. Nyaya za plagi za shaba tupu nazo zinapiga kelele za redio zinazoweza kuichanganya moduli. Weka zenye ukinzani, za kaboni au za kusokota, au kofia za plagi za omu 5,000.

Mita ya mizunguko inaweza kugoma. Zile za Smiths zenye maandishi RVI husoma mkondo unaopita kwenye waya wa koili, na baadhi ya moduli hazizipi mita hizo mpigo zinaoutaka, kwa hiyo sindano inaruka au inalala. Zenye RVC husoma volti na huwa hazisumbui. Hilo ni kero tu, haliharibu injini.

Linaloharibu ni ufunguo kuachwa umefunguliwa injini ikiwa imezimwa, mtu akisikiliza redio. Moduli isiyojizima yenyewe inaweza kuwa imesimama kwenye hali ya kupitisha umeme, na koili inachemka dakika baada ya dakika. Platini ilikuwa na hatari hiyo hiyo, ila yenyewe ikiungua unaisugua kwa msasa na safari inaendelea. Moduli haisuguliwi. Ukitaka kuchomelea bodi kwa umeme, toa kwanza waya wa betri.

Kwa anayetaka kubaki na sura ya asili, ipo njia ya kati ambayo kurasa za magari huisahau kabisa: kisanduku cha transista kinachofungwa nje, platini ikibaki mahali pake. Platini haikati tena ampea 4 bali kisehemu tu cha ampea, cha kumwambia transista akate. Midomo haiungui, kondensa haina kazi, na kinachobaki kuangaliwa ni kisigino na grisi yake kwenye kemu. Kisanduku kikifa, nyaya mbili zinarudishwa zilipokuwa na kondensa inaunganishwa tena.

Na aliyeweka moduli ya ndani atafute bamba la pili la distributa yake, alifunge platini na kondensa, alipange nafasi juu ya meza na kuliweka kwenye buti pamoja na bisibisi, fila na balbu yenye nyaya mbili. Kulibadilisha barabarani ni kazi ya dakika 15. Balbu ni ya kurudisha taimingi, kwa maana bamba la platini halitakatia pale moduli ilipokuwa inakatia.

Ni sisi,
Mafundi umeme wa magari ya zamani